Mpigaji akirudi nyuma kuelekea homu ndio asitagiwe, hiyo ni auti ama mchezo unaendelea?

JaNyalenda_Ref (Kisumu)

Wazee na madam wote wa hapa, salamu. Nko na swali la softboli na naomba mnijibu kama watu wa kazi, juu hii kitu imezua kelele huku Kisumu mpaka nikipita stage mtu ananiita "ref, ile auti ilikua ya nini".

Ilikua gemu ya wasichana wa shule, inningi (zamu) ya tano, auti ni moja, yaani mmoja ashatolewa, mkimbiaji ako thadi (besi ya tatu). Mpigaji anapiga mpira wa chini, unabingirika pole pole kwa laini ya fasti besi, yule dada wa fasti anatoka mbele anauokota kabla mpigaji hajafika popote. Sasa mpigaji anaona njia imefungwa. Badala ya kukimbia aende atagiwe (aguswe na mpira ulio mkononi mwa mpinzani) anafunga breki, anasimama kidogo, alafu anaanza kurudi kinyumenyume kuelekea homu, pale mpigaji husimama kupiga, na huyu wa fasti naye anamfuata na glavu imenyooshwa mbele kama mtu anafukuza kuku wa Krismasi. Uwanja mzima unacheka. Yule wa thadi alikua amesimama tu hatua mbili tatu nje ya besi anaangalia sinema, kuona vile wote wamesahau ako hapo akachomoka akaingia homu.

Mimi hatua ya kwanza tu ya kurudi nyuma nilikua nimeinua mikono nikaita, mpira umekufa (mchezo umesimama), mpigaji auti. Alafu nikamrudisha wa thadi kwa thadi. Ai! Kocha wao akanijia mbio akaniambia amecheza besboli tangu utotoni na hajawahi ona mtu anaitwa auti na hajaguswa na besi haijaguswa, "nionyeshe mahali ametagiwa". Nikamwambia hajatagiwa na bado ni auti. Hapo ndio akaniangalia kama mimi ndio nimepotea njia, na wazazi nao wakamuunga mkono, na gemu ikakaa robo saa.

Mimi nasimama na auti yangu. Lakini nataka kusikia, nyinyi mngeita hivo? Na wa thadi mngemrudisha? Na kama kuna sheria zingine za kukimbia besi zinawaletea matusi huko kwenu ziwekeni hapa, tusikie.

Madam_PE (Kakamega)

Ref uliita vizuri, lala usingizi wako.

Softboli inasema hivi: mpigaji akishapiga na kuanza kukimbia, akirudi nyuma kuelekea homu ili akwepe ama acheleweshe tagi, ni auti na mpira unakufa hapo hapo. Haidai aguswe. Haidai afike homu. Kusimama anaruhusiwa, anaweza simama katikati ya laini mpaka wa fasti amfikie, hiyo ni hiari yake, lakini mguu ukienda nyuma kwa sababu ya kukimbia tagi basi kwisha. Na hii ni ya kati ya homu na fasti peke yake. Mtu akishikwa kati ya fasti na sekondi ama sekondi na thadi anaweza enda mbele na kurudi nyuma mpaka achoke, bora asitoke kwa njia yake zaidi ya futi tatu kukwepa tagi.

Wa thadi, kwa vile umeeleza, alichomoka wakati mpira ushakufa. Kwa hivyo alikua anakimbia mazoezi. Rudi thadi, auti mbili, leta mpigaji mwingine.

Kitu ningekuuliza ni moja tu, uliita kwa sauti? Juu wengi wetu tunainua mikono na mdomo umefungwa, wasichana hawatuangalii wanaangalia mpira, so wanaendelea kukimbia na kurusha, wazazi wanaona pointi imeingia, alafu ndio unaanza kuwanyang'anya. Hapo hata ukiwa na kitabu mkononi utaonekana mwizi. Mpira ukikufa inafaa isikike mpaka kwa wale wanauza karanga nje ya laini.

Besboli_Damu (Nakuru)

Mi nataka kumtetea huyo kocha kidogo kabla hamjamzika.

Tarehe 27 Mei 2021, Pittsburgh, ile ligi kubwa ya besboli ya Marekani, MLB, Cubs wakicheza na Pirates. Auti ni mbili. Mbili! Willson Contreras ako sekondi. Javier Báez anapiga chini kwa thadi, thadi anarusha fasti, mpira unamvuta Will Craig mbele kidogo ya besi. Báez anaona atatagiwa, anageuza anaanza kurudi homu, na Craig badala ya kurudi akanyage besi yake gemu iishe anamfuata Báez mpaka karibu na homu. Contreras naye hajalala, ametoka sekondi amepita thadi anakuja. Craig anashtuka anamrushia kecha, yule hudaka nyuma ya homu, wamechelewa, Contreras sefu (salama), na Báez mwenyewe anaonyesha ishara ya sefu na mikono kama yeye ndio ampaya 😂 alafu anakumbuka hajafika fasti, anakimbia, kecha anarusha mpira unapita, Báez anaishia sekondi. Mchezo mmoja, pointi moja na mtu sekondi, na ilikua auti ya bure kabisa.

Hiyo video imezunguka dunia nzima. Sasa mtoto wa shule ameiona kwa simu, ameijaribu, imemfaulia, alafu ampaya anaua mchezo hatua ya kwanza. Mi sisemi sheria haiko, naona iko, nasema hii sheria inaua raha. Akili ya mkimbiaji si pia ni sehemu ya mchezo?

Mzee_wa_Homupleti (Bungoma)

Damu kijana wangu, nimekusikia na hata mimi hiyo ya Báez niliitazama nikacheka mpaka nikamwita mama watoto aje aone. Lakini umejijibu mwenyewe. Hiyo ilikua besboli. Kwa besboli Báez angeweza kurudi mpaka karibu agonge homu na hakuna mtu angemwita auti kwa kurudi tu, angekuwa auti akiifikia homu. Na makosa hapo yalikua ya Craig peke yake, angekanyaga besi ile pointi ya Contreras haingehesabiwa hata kama ameshaingia, kwa sababu auti ya tatu ikiwa ni ya mpigaji kabla hajafika fasti hakuna pointi. Hiyo ya mwisho ni sawa kwa michezo yote mbili na bado kila mwaka nabishana na mtu juu yake.

Shida ya huku kwetu ni kwamba makocha wengi walianzia besboli ama wanaangalia besboli kwa simu, alafu wanakuja kwa softboli wakidhani ni besboli ya mpira mkubwa. Si hivyo. Besi za softboli ziko futi 60, mita 18 na kitu. Besboli ni futi 90, zaidi ya mita 27. Pitcha wa wasichana anarusha kutoka futi 43. Sasa hebu fikiria kwa nafasi ndogo hivo mkimbiaji angeruhusiwa kusogea sogea mbali na besi kabla ya mpira kurushwa kama besboli, si kila mtu angeiba sekondi hata nyanya yangu. Ndio maana softboli imebana mkimbiaji mahali besboli imemwachilia, na ukiielewa hivyo sheria nyingi ambazo zinaonekana za ajabu zinaanza kuwa na maana. Mi naona hata hii ya kurudi nyuma ni ndugu ya hizo zingine, mpigaji afanye kazi moja, akimbie.

Sasa JaNyalenda, kuhusu yule kocha, kuna kitu ungemwambia ingepunguza hiyo robo saa. Kama anabisha kwamba msichana hakurudi nyuma, hiyo ni jicho lako, haina rufaa, arudi akae. Lakini kama anabisha kwamba sheria kama hiyo haiko, hiyo ni tafsiri ya sheria na ana haki kabisa ya kukata rufaa, na inafaa aseme kabla mpira unaofuata haujarushwa. Sasa wewe unamuuliza swali moja kwa upole, "kocha, unabisha nilichoona ama unabisha sheria?" Akisema sheria, unaandika, inningi, auti ngapi, nani ako wapi, hesabu ya mpigaji, alafu mnacheza. Mimi tangu nianze kuuliza hivyo wengi huishia kusema "wacha tu ref" na kurudi kwa benchi wakinung'unika. Wachache ndio huandika.

JaNyalenda_Ref (Kisumu)

Mzee asante, hiyo ya kuuliza swali naiiba. Huyo alikua anabisha vyote viwili kwa pamoja na hakutaja rufaa, na pitch iliyofuata ikarushwa so imeenda hivo.

Madam, niliita kwa sauti, hata koo iliuma. Lakini nilikua peke yangu bila ampaya wa besi, na huku kwa gemu za shule hiyo ni kawaida, wanatuma mtu mmoja.

Shortstop_Busia

hamjambo wote mi si ampaya nilicheza tu shule ya upili na bado niko na uchungu na hii nisaidieni

nilipewa boli nne (pitch nne mbovu, unaenda fasti bure) nikaenda fasti nikazunguka kidogo nikasimama katikati naangalia pitcha ataniangalia lini, mwenzangu alikua thadi na yeye alikua nje ya besi yake, mpira ako nao pitcha ndani ya duara, ampaya akaniita auti MIMI PEKE YANGU, na mwenzangu akarudishwa thadi kama malkia, pitcha hakurusha hakufanya chochote aliangalia tu upande wa thadi. sasa si ingekua wote wawili ama hakuna mtu??

Madam_PE (Kakamega)

Pole Shortstop. Ulikua auti halali 🙈

Pitcha akiwa na mpira mkononi na ako ndani ya lile duara lake, ambalo ni futi nane kutoka katikati kila upande, karibu mita mbili na nusu, mkimbiaji yeyote ako nje ya besi anafaa kuamua haraka, mbele ama nyuma, na akishaanza aende bila kusimama tena. Unaruhusiwa kusimama mara moja ile ya kufikiria. Ukikaa hapo kucheza cheza na macho ya pitcha, auti.

Boli nne inahesabiwa kama umepiga mpira. Ungepita fasti bila kusimama ukaelekea sekondi moja kwa moja hakuna shida, na wengi hufanya hivyo kusudi pitcha achanganyikiwe na yule wa thadi apate nafasi. Lakini wewe ulizunguka ukasimama ukaota mizizi.

Na mbona wewe peke yako, ni kwa sababu auti ya kwanza ikiitwa mpira umekufa. Wa pili hata akiwa nje hawezi kuwa na kosa tena kwa mpira mfu, anarudishwa tu. Kwa hivyo ni auti moja hata mkiwa watatu nje. Ampaya anachukua yule amemwona kwanza, na mara nyingi ni yule ako mbele ya macho yake.

Kuangalia upande wa thadi si kitu. Angejifanya anarusha, ata mkono tu ukainuka kama wa kurusha, hapo hiyo ingehesabika amecheza na mkimbiaji na wewe ungekua huru kukaa nje.

Besboli_Damu (Nakuru)

Sasa hapo ndio mi huwa sielewi nyinyi watu. "Haraka" ni nini? Sekunde moja? Mbili? Kila ampaya ako na haraka yake. Mmoja anakuita auti hujamaliza kuvuta pumzi, mwingine anakuachilia mpaka unanunua maji. Kitu kama hiyo mkimbiaji ataifuata aje?

Na ingine, kuna siku niliona mkimbiaji amesimama JUU ya besi kabisa, mpira uliopigwa ukamgonga mguu, ampaya akasema hakuna auti. Kwa besboli huyo ni auti, besi haimlindi. Nikafikiri ampaya amelala.

Mzee_wa_Homupleti (Bungoma)

Hakua amelala. Softboli, mkimbiaji akiwa anagusa besi na mpira uliopigwa umgonge bila yeye kukusudia, si auti. Akiwa nje ya besi na mpira haujapita mchezaji wa ndani, auti, mpira umekufa. Ona tena ni jambo lile lile, softboli haimruhusu aondoke mapema kwa hiyo haiwezi kumwadhibu kwa kukaa mahali imemwambia akae. Mpira unapigwa ako hapo hapo, atapaa aende wapi.

Kuhusu haraka, uko na hoja, sikatai. Kitabu hakijaweka sekunde. Mi nafanya hivi, pitcha akiingia duara na mpira naangalia mkimbiaji, nasema kwa roho "amua", na nikimaliza kusema kama bado amesimama mikono inainuka. Jambo kubwa si urefu wa sekunde, ni kwamba ile unayompa wa timu hii ndio unampa wa timu ile, na ile ya inningi ya kwanza ndio ya inningi ya saba. Makocha hawachukii ampaya mkali, wanachukia ampaya anabadilika kama hali ya hewa ya Kericho.

Ile inanisumbua mimi zaidi ni kuondoka mapema. Huyo mkimbiaji anafaa mguu ukae kwa besi mpaka mpira utoke mkononi mwa pitcha. Akitoka kabla, mpira umekufa, pitch haihesabiwi, mkimbiaji auti. Pitch haihesabiwi maana yake hata kama mpigaji ameupiga ukavuka ukuta, hakuna hom rani. Niliwahi kuita hiyo mpira ukiwa juu hewani unaenda. Hamtaki kujua niliitwa nini siku hiyo, na kwa lugha ngapi.

Sasa ukiwa peke yako nyuma ya kecha huwezi kuona mkono wa pitcha, na straiki, na mguu wa mtu ako fasti kwa wakati mmoja. Haiwezekani. Mimi nikiwa peke yangu naangalia kazi ya homu kwanza, naita kuondoka mapema ile iko wazi ambayo hata bibi wa karanga ameiona, zile za nusu unyayo naachana nazo. Tukiwa wawili basi ampaya wa besi asimame mahali mguu wa mkimbiaji na mkono wa pitcha viko kwa mstari mmoja wa macho, na asitembee tembee wakati pitcha anazungusha mkono.

Besboli_Damu (Nakuru)

Sawa mzee hiyo ya besi nimeikubali. Lakini ukweli usemwe, ampaya wengi huku hawajafungua kitabu, wanaita kwa mazoea na sauti kubwa.

Mzee_wa_Homupleti (Bungoma)

Wengi huku? Hebu nikwambie ya Marekani kwenyewe.

Mwaka 2008, mwezi wa nne, softboli ya vyuo, Western Oregon wanacheza na Central Washington huko Ellensburg. Kuna msichana anaitwa Sara Tucholsky, mwaka wake wa mwisho, hajawahi kupiga hom rani maisha yake yote. Wenzake wawili wako kwenye besi. Anapiga, mpira unavuka ukuta. Kwa furaha anapita fasti bila kuigusa, anakumbuka, anageuka arudi, goti linakatika pale pale. Anatambaa anarudi fasti analala hapo. Sasa ni hom rani lakini mwenyewe hawezi kutembea besi tatu zilizobaki. Wenzake wakimshika kumsaidia ni auti. Ampaya wakaulizwa, wakasema mkiweka mtu mwingine mahali pake, itahesabiwa ni singo (hit ya besi moja), pointi mbili za wale walioingia, hom rani imeenda.

Hapo ndio wapinzani, Mallory Holtman na Liz Wallace wa Central Washington, wakauliza kama wao wanaweza kumbeba. Hakuna sheria inakataza mpinzani. Wakamnyanyua wakamzungusha, wanamshusha kila besi aguse kwa mguu ule mzima, mpaka homu. Western Oregon wakashinda 4 kwa 2. Watu walilia hiyo siku, na ilitangazwa kila mahali.

Sasa sikia ile mimi napenda. Baadaye ikaonekana ampaya hawakua sahihi. Mkimbiaji akiumia baada ya mpira kuvuka ukuta, besi zote ameshapewa, na sheria yao ilikua inaruhusu aingizwe mwingine amalizie kuzunguka na hom rani inabaki hom rani. Kwa hiyo ile picha yote nzuri ilizaliwa na ampaya kutokujua kifungu kimoja. Na hao ni watu wa vyuo vya Marekani, wako wamelipwa na wamevaa vizuri. Kwa hiyo usiniambie "huku".

Shortstop_Busia

ngai mzee umenitoa machozi kwa matatu

sasa mi nikiumia nani atanibeba na wale wasichana wa upande ule mwingine walikua wananitukana tangu inningi ya kwanza

Madam_PE (Kakamega)

😂😂 Shortstop wewe utawekewa mwingine, kitabu kinaruhusu.

Mi nitaongeza moja ambayo ni ya pesa zaidi kuliko sheria. Fasti besi mbili, ile nyeupe na ya rangi ya machungwa zimekaa pamoja. Nyeupe iko ndani ya uwanja ni ya mchezaji wa fasti, ya machungwa iko nje ya laini ni ya mpigaji anakuja. Kukiwa na mchezo hapo fasti na mpigaji akanyage nyeupe peke yake, timu ya uwanjani inaweza kuapili (kumwomba ampaya aamue) kabla hajarudi fasti na anakua auti, ni kama amekosa besi. Akishapita salama, ya machungwa imekufa kwake, anarudi kwa nyeupe na anakaa kwa nyeupe.

Sasa shule nyingi huku hazina hiyo ya machungwa. Tunashona gunia, tunajaza mchanga kidogo, tunapaka chokaa, na ni moja. Alafu timu ikienda mashindano makubwa inakutana na mbili kwa mara ya kwanza na watoto wanakanyaga nyeupe kwa mazoea wanaitwa auti wanalia. Mimi mwaka huu nimechukua gunia la pili nikalipaka rangi ya geti ya shule iliyobaki, ni kijani si machungwa, lakini miguu imezoea kwenda kulia. Na wale wa fasti wamepunguza kugongwa visigino, ambayo ndio kazi ya hiyo besi kutoka mwanzo.

Na tafadhali ampaya wenzangu, ukiona mtu amekosa besi nyamaza. Si kazi yako kuwaambia. Wakiapili unaita, wasipoapili imeenda. Kuna mmoja nilimwona anakunja uso na kutikisa kichwa mkimbiaji akipita, timu ikamsoma usoni ikaapili. Hiyo ni kusaidia.

JaNyalenda_Ref (Kisumu)

Hiyo ya kijani nimeipenda, nitaongea na mwalimu wa michezo wa huku tuone kama kuna rangi imebaki mahali.

Damu na wewe, mkifika inningi ya nane mmefungana si tunaweka mtu sekondi, yule wa mwisho kupiga kwa ile zamu, bila kupiga bila nini? Nakumbuka watu wa besboli mlitucheka sana na hiyo.

Besboli_Damu (Nakuru)

Tulicheka. Alafu 2020 MLB wakaichukua, wakaiweka inningi ya kumi, na sasa imekua ya kudumu. Sina la kusema hapo, mko na haki ya kujigamba mpaka jioni.

Lakini bado niko na swali kwa hii ya kurudi nyuma na nijibiwe kabla sijaenda kulala. Kisumu imenyesha, uwanja ni matope, mpigaji anakimbia fasti, kiatu kinabaki nyuma. Anageuka anarudi hatua mbili kuchukua kiatu. Auti?

Madam_PE (Kakamega)

Kuna mtu ako na mpira anakuja kumtagi?

Besboli_Damu (Nakuru)

Hapana, mpira bado uko kwa rait fildi wanautafuta kwa nyasi.

Madam_PE (Kakamega)

Basi si auti. Sheria ni ya kukwepa ama kuchelewesha tagi, na hapo hakuna tagi ya kukwepa. Achukue kiatu. Lakini mpira uko hai na mimi simsimamishii mchezo ndio afunge kamba.

Mzee_wa_Homupleti (Bungoma)

Akiwa mwanafunzi wangu aache hicho kiatu hapo akimbie na soksi.